Dada alizikwa, jirani akapona: je, saratani huchagua maskini?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mkoani Singida ameniandikia barua ndefu. Naifupisha: "Daktari, shikamoo. Mwaka juzi dada yangu na mke wa mfanyabiashara wa mtaani kwetu waligundulika wana saratani ya titi, wamepishana miezi michache tu. Jirani alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akamaliza dawa, leo yupo dukani kwake. Dada tumemzika mwezi wa nane, ameacha watoto watatu, mkubwa ni binti wa miaka 11. Msibani watu walisema ni mipango ya Mungu. Mimi nataka kujua: angekuwa na pesa angepona? Au tuliomchelewesha ni sisi? Na mimi mwenyewe nina miaka 43, nifanye nini?"

Marahaba, Mwalimu. Pole sana kwa msiba.

Swali la kwanza nalijibu bila kuzunguka. Jalada la dada yako sijaliona, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba yeye hasa angepona. Zipo saratani za titi kali zinazomshinda hata mwenye mali, na kali hizo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika na walio na umri mdogo. Lakini ukichukua wanawake wengi wenye ugonjwa kama wake, ukawagawa kwa kipato, wenye nacho wanaobaki hai ni wengi mno kuliko wasio nacho. Hilo halina ubishi tena kwa sisi tunaotibu ugonjwa huu.

Marekani na Australia, wanawake wapatao 90 kati ya 100 wenye saratani ya titi wako hai miaka mitano baada ya kugundulika. India ni kama 66. Huku kwetu Afrika ulifanyika utafiti mkubwa uliofuatilia wanawake wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, matokeo yake yakatoka mwaka 2020: baada ya miaka mitatu tu, nusu yao walikuwa wameshafariki. Nigeria walibaki 36 kati ya 100. Sasa tazama Namibia. Wanawake weupe wa nchi hiyo waliobaki hai walikuwa 90 kati ya 100, sawa na Ulaya. Wanawake weusi wa Namibia hiyohiyo walizidi nusu kidogo tu. Utasema labda ni damu, labda ni maumbile. Sehemu ndogo inaweza kuwa hivyo. Lakini watafiti walipoangalia nani alifika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua gani, na nani alipata matibabu kamili, waliona kwamba sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na hayo.

Kuna jambo moja ambalo natamani lingesemwa kwenye kila msiba wa namna hii. Chukua saratani ya kongosho, ambayo bado hatuna dawa nzuri ya kuiponya. Huko tajiri na maskini hufa karibu sawa, na tofauti yao ni ndogo. Kisha chukua saratani za watoto. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki hata 30. Pengo linapanuka palepale ambapo tiba ipo na inafanya kazi. Kama ingekuwa mipango ya Mungu peke yake, pengo lingekuwa sawa kwa kila saratani. Saratani ya titi na ya mlango wa kizazi ziko kwenye kundi la zinazotibika, na kwa hiyo ndizo zinazoonyesha waziwazi nani alifikiwa na nani hakufikiwa.

Turudi kwa dada yako, hatua kwa hatua, kwa jinsi ulivyonieleza.

Uvimbe aliusikia akiwa bado ananyonyesha mtoto wa mwisho. Zahanati wakamwambia maziwa yameganda, wakampa antibayotiki, akarudi shambani. Simlaumu sana yule muuguzi. Kwa mwaka mzima anaona matiti mengi yenye jipu na maziwa yaliyoganda, na saratani pengine haoni hata moja, na ultrasaundi hana. Kosa ni la utaratibu: uvimbe usioisha wiki mbili au tatu baada ya dawa ulitakiwa upewe barua ya rufaa papo hapo. Jirani yako alikwenda hospitali ya kulipia, akapigwa ultrasaundi siku hiyohiyo. Huo ndio mwanzo wa njia zao kuachana, na wakati huo uvimbe wa wote wawili pengine ulikuwa unalingana.

Kisha miezi mitano kwa mganga wa kienyeji. Najua watu wamelisema hilo kwa vidole. Nakuomba usilisemee hivyo. Mganga yuko kijijini, hupokea kuku, hukubali kulipwa kidogo kidogo, na humsikiliza mtu mpaka amalize. Hospitali ya rufaa iko mbali, foleni inaanza alfajiri, na daktari ana dakika chache za kukutazama. Mtu asiye na nauli hachagui kati ya mganga na hospitali kwa usawa. Nimekutana na wasomi wengi, wenye bima nzuri, nao walipita kwa mganga. Tofauti ni kwamba wao waliweza kwenda kote kuwili kwa wakati mmoja.

Halafu kadi. Dada alikuwa na CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na huduma yake iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Wewe ni mtumishi wa umma, una NHIF, bima ya afya ya taifa, na ulijiuliza kwa nini isimsaidie. Kadi yako inawafikia mwenza, watoto na wazazi. Dada mtu mzima hayumo. Najua ilivyo kuwa na kadi mfukoni na ndugu yako wa tumbo moja amekaa pembeni yako bila msaada wake. Utaratibu wa msamaha kwa asiyejiweza upo, na Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, imetibu maskini wengi sana kwa njia hiyo, kupitia barua ya mtendaji na dawati la Ustawi wa Jamii. Lakini msamaha unasamehe bili. Hausamehi nauli, chakula, pa kulala, wala siku za kazi zilizopotea za yule anayemsindikiza mgonjwa.

Hapa kwenye kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo ndugu wengi hawajui ni nini kilichopotea. Ulisema majibu ya kinyama yalikaa wiki saba, na yalipokuja yaliandikwa tu kwamba ni saratani. Kipimo cha homoni hakikufanyika.

Kinyama kikishatolewa kwenye titi kinatakiwa kizamishwe kwenye formalini haraka, ndani ya saa moja, na dawa hiyo iwe nyingi, walau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kikishakaa humo kinatakiwa kishughulikiwe maabara kabla ya siku tatu kupita. Kikicheleweshwa, au kikiwekwa kwenye kichupa chenye formalini kiduchu, au kwenye maji ya chumvi kwa sababu formalini imeisha, zile chembe zinazoonyesha kama saratani inakula homoni, yaani inakua kwa kutegemea homoni za mwili, zinaharibika. Mtaalamu wa patholojia ataangalia darubini yake na kuandika hakuna, wakati zilikuwepo. Mara nyingi familia ndiyo inayopewa kikopo na fomu, iende nacho kwa basi hadi mji wenye maabara, ilipe huko, kisha irudi kufuata majibu. Nimemwona mama aliyekibeba kwenye mfuko wa rambo, juu ya mapaja, kwa safari ya usiku kucha.

Na kipimo hicho kina uzito gani? Saratani ikiwa inakula homoni, mgonjwa anahitaji tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano na pengine zaidi. Ni dawa ya zamani, ya bei ya chini kuliko karibu kila kitu kingine katika tiba hii. Miaka mitano ya kuinywa hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wanawake wanaostahili kuipata. Bila kipimo, daktari anabahatisha. Kwa hiyo mwanamke anaweza kukosa dawa rahisi kabisa, si kwa sababu ya bei ya dawa, bali kwa sababu ya kichupa kidogo na basi lililochelewa. Jirani yako alipimwa vyote katika maabara moja, na huenda hakujua hata kwamba kinyama chake kilisafiri kutoka chumba kimoja kwenda kingine tu. Dawa ya trastuzumabu, kwa wale wenye aina nyingine ya saratani ya titi, ni suala tofauti: iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, lakini kwa mgonjwa asiye na bima bei yake bado haishikiki.

Dada akaanza dripu za dawa za saratani Dar es Salaam. Dawa zile hutolewa kwa mizunguko, kwa kawaida kila siku 21, na kabla ya kila mzunguko lazima damu ipimwe. Chembe nyeupe zikiwa chini, daktari anasema rudi wiki ijayo. Kwa anayekaa Mbezi, wiki ijayo ni jambo la daladala. Kwa aliyetoka Singida na msindikizaji, maana yake ni wiki nzima ya kula na kulala mjini kwa watu wawili, au kurudi nyumbani na kuja upya. Wiki hiyo moja ndiyo iliyommaliza ng'ombe wa pili mliyemuuza kwa ajili ya matibabu. Alipata mizunguko mitatu, wa nne haukufika, kwa sababu msimu wa kuvuna alizeti ulikuwa umeanza na hakukuwa na mwingine wa kuvuna. Kwenye jalada lake kutakuwa kumeandikwa kwamba mgonjwa alikatisha matibabu. Neno hilo huniuma kila nikiliona, maana linamfanya mgonjwa aonekane ndiye aliyeacha.

Kwenye mionzi hali ni ngumu zaidi. Dada yako hakufika huko, lakini chukua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine. Mionzi yake ya nje ni kama siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, kisha ile ya ndani, na yote inatakiwa iishe ndani ya wiki nane. Kila siku inayozidi hapo inapunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa karibu nusu asilimia hadi asilimia moja. Kwa miaka mingi Ocean Road ndiyo ilikuwa mahali pekee pa mionzi nchini, kabla hospitali ya Bugando, Mwanza, haijaanza. Fikiria mama wa Kigoma au Songea. Uganda walipata pigo baya zaidi: mashine ya mionzi ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, ya pekee nchini humo, ilikufa kabisa mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018. Katika muda huo mwenye uwezo alikwenda Nairobi, wachache wakapata wafadhili, na wengine wakabaki nyumbani.

Usidhani bima peke yake ingemaliza yote haya. Uingereza matibabu ni bure tangu mwaka 1948, lakini hadi leo wakazi wa mitaa maskini hufa na saratani mapema kuliko wa mitaa tajiri. Kuliko matajiri, wao zaidi hugundulika wakiwa wameshapelekwa wodini kwa dharura, na zaidi huwa na magonjwa mengine mwilini yanayowazuia kupewa dawa kamili. Kwa hiyo ninaposema umaskini sina maana ya bili peke yake. Nina maana ya muda, umbali, elimu, lishe, na kama bosi wako atakuruhusu kwenda kliniki bila kukukata mshahara.

Sasa nikupe habari ya upande wa pili, maana nisingependa uishie kwenye huzuni. Daktari mpasuaji Harold Freeman alikwenda kufanya kazi hospitali ya Harlem, New York, mwaka 1967. Harlem ya wakati huo ilikuwa mtaa wa watu weusi maskini, na mwaka 1990 yeye na mwenzake walionyesha kwamba mwanaume wa Harlem alikuwa na nafasi ndogo ya kufika miaka 65 kuliko mwanaume wa Bangladesh. Wanawake waliomjia na saratani ya titi, nusu yao walikuwa katika hatua ya tatu au ya nne, yaani wamechelewa. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa 39 kati ya 100. Alifanya mambo mawili. Alifungua kliniki ya uchunguzi wa bure au wa bei ndogo, na kuanzia mwaka 1990 aliajiri watu wa kumshika mkono kila mgonjwa aliyekutwa na dalili: kumtafutia miadi, kumkumbusha, kumjazia fomu, kumfuata nyumbani asipotokea. Hawakuwa madaktari. Waliotibiwa hospitalini hapo kati ya 1995 na 2000 waliobaki hai miaka mitano walifika 70 kati ya 100. Niseme ukweli wa kitaalamu: sehemu ya ongezeko hilo ni hesabu, kwa kuwa ukigundua mapema unaanza kuhesabu miaka mapema, na dawa nazo zilikuwa zimeboreka. Lakini wagonjwa waliochelewa walipungua kutoka nusu hadi kama mmoja kati ya watano, na hilo halikuletwa na dawa mpya.

Jimbo la Delaware, hukohuko Marekani, lilikwenda mbali zaidi kwa saratani ya utumbo mpana. Lilipima watu na kuwalipia matibabu wasio na bima. Kati ya 2002 na 2009 vifo vya watu weusi kwa saratani hiyo vilishuka kwa asilimia 42, na pengo lao na weupe karibu likafutika. Na hapa jirani, Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012 kijijini kabisa, wilaya ya Burera, kaskazini. Wasiojiweza hutibiwa bure, na nauli na chakula vinahesabiwa kuwa sehemu ya matibabu. Hao wameelewa jambo.

Kwetu, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kama ningeulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, ningesema iende kwenye nauli, kwenye hosteli za wagonjwa karibu na vituo vya tiba, na kwenye usafirishaji wa vinyama kutoka wilayani, kabla ya kununua mashine nyingine ya kuwekewa utepe. Hasara ya kutofanya hivyo haiishii kwa mgonjwa. Utafiti uliofuatilia wagonjwa wa saratani katika nchi nane za Asia ya Kusini Mashariki ulikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja 29 kati ya 100 walikuwa wamekufa, na wengine 48 familia zao zilikuwa zimeelemewa vibaya na gharama. Na ule utafiti wa Afrika niliokutajia ulihesabu hata watoto: kwa kila wanawake 100 wa chini ya miaka 50 waliokufa, watoto 210 walibaki bila mama. Wa dada yako ni watatu. Watasoma kwa hela gani, wakati ng'ombe wameshauzwa? Ndivyo umaskini ulivyomuua mama yao, kisha ukawasubiri wao.

Swali lako la pili: mliomchelewesha ni nyinyi? Hapana, Mwalimu. Mliuza mlichokuwa nacho. Nimehesabu kwenye barua yako: kabla hata ya kuonana na mtaalamu wa saratani, alikuwa ameshapoteza zaidi ya miezi minane, na sehemu ya muda huo aliipoteza akiwa anasubiri vituo vya afya. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke mwenye uvimbe awe amepata majibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha kwanza. Majibu ya kinyama peke yake yalikula wiki saba. Ukitaka kukasirika, kasirika na hilo, na usijikasirikie wewe wala shemeji yako.

Na wewe mwenyewe. Kuwa na dada wa tumbo moja aliyepata saratani ya titi kunaongeza uwezekano wako karibu mara mbili, na zaidi kidogo kwa kuwa alikuwa kijana. Wengi wenye historia kama yako hawaupati ugonjwa huu kamwe, lakini usikae hivihivi. Nenda hospitali ya mkoa ukapimwe matiti kwa mikono ya mtaalamu kila mwaka, na uulize kuhusu mamografia, yaani eksirei ya matiti. Kadi yako inakupa nafasi ambayo dada hakuwa nayo. Ukifika, taja mwenyewe mapema umri aliokuwa nao dada alipogundulika, usisubiri kuulizwa. Nyumbani, ukihisi uvimbe, chuchu ikiingia ndani, ngozi ikivutika au ikiwa na vishimo, majimaji yenye damu, au tezi kwapani, usimeze dawa ya maziwa kuganda zaidi ya mara moja. Ikifikia kutolewa kinyama, uliza maswali mawili: kinapelekwa maabara gani, na kipimo cha homoni kimeandikwa kwenye fomu? Omba nakala ya majibu, ipige picha, mtumie mtu mwingine wa nyumbani.

Binti wa miaka 11 wa marehemu apate chanjo ya HPV dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu. Wengi huipatia shuleni, kwa hiyo wanaoikosa ni walewale walioacha shule, ambao kesho watakuwa mbali zaidi na hospitali kuliko wenzao. Majina yao unayo kwenye daftari la mahudhurio. Mpelekee muuguzi wa zahanati yenu, mkae pamoja muone nani bado.